Mama Mizani na Kisanduku cha Mkoa

Mizani ya magari haina adabu ya mizani ya dukani. Ya dukani itakupimia hata gramu ya majani ya chai. Ya magari inahesabu kilo ishirini ishirini, na kinachopungua hapo inakichukulia kama upepo. Ndiyo maana mwanamke tunayemzungumzia hapa aliishi miaka ishirini na miwili akiwa na kilo themanini kamili. Kila asubuhi, kabla ya lori la kwanza, alipanda juu ya lile bamba la chuma, akatembea kutoka mwisho huu hadi mwisho ule kuhakikisha mashine imeamka, na taa nyekundu za ukutani zikaandika themanini. Alipokuwa na mimba ya kwanza, themanini. Alipougua homa ya matumbo mpaka pete ikawa inamtoka kidoleni, themanini vilevile.

"Mimi sinenepi wala sikondi," aliwaambia madereva. "Kama hamniamini, muulizeni mwajiri wangu."

Walimwita Mama Mizani, na jina lake la nyumbani likabaki kwa mama yake mzazi na kwenye kitambulisho. Kibanda chake kilikuwa mguuni pa mlima, pale mkoa wa juu unapoishia na mkoa wa chini unapoanzia. Ndani palikuwa na meza moja, dirisha la kusukuma, birika la umeme ambalo mkono wake ulifungwa waya, na rafu za vitabu vya karatasi za mizani, ambazo mashine huchapa uzito na yeye hujaza mengine kwa kalamu: nakala nyeupe ya dereva, ya njano ya kampuni, ya waridi ya serikali. Nje ya dirisha, tangu alfajiri hadi jioni, yalishuka malori ya mawe. Mawe meupe, mazuri, yaliyochongwa juu mlimani na kwenda kujenga mahakama, benki na majumba ya mkoa wa chini. Yakishamwaga mzigo, malori yalipanda tena matupu, yakirukaruka kwa wepesi.

Mume naye alimpata juu ya mzigo. Enzi hizo wachonga mawe walikuwa wanashuka na malori, wamekaa juu ya mawe kama wafalme. Sheria ilikataza mtu kupimwa pamoja na mawe, maana kampuni ingelipia ushuru wa nyama na mifupa. Basi binti akatoa kichwa dirishani akapiga kelele, "Wewe juu hapo! Shuka, sikupimi na mawe!" Kijana akaruka chini, tindo yake kiunoni, akatazama taa za ukutani zikipungua kwa themanini.

"Na wewe ni ngapi?" akauliza.

"Hayakuhusu. Themanini."

"Umeona? Tunalingana. Mizani imeshatuozesha, bado wazee tu."

Wenzake walimwita Tindo kwa sababu chombo hicho hakikumtoka mkononi. Wazee wa binti, ambao ni watu wa chini kwa baba na kwa mama, hawakufurahi sana. Baba alisema maneno ambayo bado yanachekesha ukoo: "Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Wewe mwanangu unashindwaje hata kungoja?" Lakini mahari ilipokelewa, na baba alipofariki miaka mitatu baadaye, aliyemlipia shule shemeji mdogo alikuwa Tindo, kwa mshahara wa mawe, muhula kwa muhula, bila kumkumbusha mtu.

Shemeji huyo mdogo, kitindamimba wa nyumba ile, ndiye yule diwani mliyekuwa mnamsikia akipita na gari. Tangu utoto alikuwa na sauti ya kuamsha mtaa, kwa hiyo aliitwa Kipaza kabla hajamiliki kipaza sauti hata kimoja.

Sasa siasa. Mkoa wa chini una chama chake na mkoa wa juu una chake, na mtu akivaa kofia ya huku kule, atavuliwa pamoja na nywele. Kwa miaka mingi kodi za mikoa yote miwili zilikuwa zinaingia katika mfuko mmoja, kisha zinagawanywa kwa idadi ya watu. Mwaka huo wa ugomvi, chama cha chini kilichapisha ripoti. Katika kila kumi inayoingia mfukoni, ilisema ripoti, tisa inatoka chini na moja tu inatoka juu. Basi ikawa moto. Watu wa juu wakaitwa kupe. Chama cha chini kikatoka na wimbo wake, Chetu Ni Chetu, kikidai kila mkoa uishi kwa kodi yake. Chama cha juu kikajibu, Hatuombi Tunadai, kwa hasira nyingi na hesabu kidogo, maana viongozi wake walikuwa hodari wa kukunja ngumi kuliko kufungua kitabu.

Kwa Mama Mizani jambo hilo halikuwa wimbo. Tindo alikuwa mgonjwa. Vumbi la mawe, alilolivuta miaka thelathini bila hata kitambaa cha pua, lilikuwa limemganda mapafuni. Mara mbili kwa wiki alipandishwa hospitali ya mkoa wa juu, wodi ya kifua, akalazwa kitanda cha nne karibu na dirisha, akawekewa oksijeni. Walikuwa wagonjwa kumi na tisa katika wodi ile, na wote walikuwa wachonga mawe. Mganga mkuu alishasema wazi: mfuko ukigawanywa, wodi ya kifua ndiyo ya kwanza kufungwa, kwa sababu mitungi ni ghali na wagonjwa wake hawaponi.

Jumapili moja Mama Mizani alishuka kwa mama yake. Kipaza alikuwepo, ametoka kwenye mkutano, shati limelowa jasho na moyo umejaa furaha. Si mtu mbaya huyu, nisije nikaeleweka vibaya. Alimbusu mama, akamtania dada, akauliza hali ya shemeji kabla hata hajakaa. Baada ya kula akaitoa ripoti mfukoni kama mtoto aliyefaulu mtihani.

"Soma mwenyewe, dada. Mimi sitii chumvi. Tisa kwa moja."

Dada akavaa miwani. Akapita ushuru wa maduka, kodi ya nyumba, kodi ya magari. Akafika kwenye mawe, mstari mnene kuliko yote, na kidole chake kikasimama. Mawe yote, tani kwa tani, yalikuwa chini ya mkoa wa chini.

"Kipaza. Huku chini kuna machimbo ya mawe?"

"Hamna. Huku tuna mchanga."

"Sasa haya mawe yametoka wapi?"

"Mimi nitajuaje? Wamechukua kwenye vitabu vya serikali. Tazama hapo mwisho wameandika."

Akatazama hapo mwisho. Palikuwa na herufi ndogo: *Chanzo: vitabu vya mizani, nakala za waridi.*

Vitabu hivyo alikuwa ameviandika yeye. Katika kila karatasi ya mizani kuna kisanduku kidogo kilichoandikwa Mkoa, na wiki yake ya kwanza kazini, msichana wa miaka ishirini na tatu, alikuwa anaandika humo "wa juu", kwa sababu mawe yalitoka juu na macho alikuwa nayo. Mkubwa wake akamrudishia kitabu kimejaa wino mwekundu. "Andika mkoa wa ofisi ya kampuni," alimwambia. "Jiwe halilipi kodi, binti. Anayelipa ni mwenye jiwe." Na ofisi ya kampuni ilikuwa chini, ghorofa ya tatu, penye kiyoyozi. Yeye akaona hayo ni maneno ya msomi. Kwa miaka ishirini na miwili, kwa mwandiko wake mzuri unaosifiwa na wakaguzi, aliandika "wa chini" kwenye kila lori lililotoka juu, halafu jioni akaenda nyumbani kumpikia mumewe.

"Mdogo wangu," alisema polepole, "hii ripoti nimeiandika mimi."

Alipomweleza, Kipaza aliichukua ripoti mezani akaikunja. Kisha akaitia ripoti mfukoni.

"Dada, usiniharibie. Zimebaki wiki tano baraza la mikoa miwili lipige kura ya kugawanya mfuko. Kama ni shemeji, nitamleta huku chini, nitamlipia hospitali mwenyewe. Yule ni baba yangu, unajua."

"Na wale wenzake kumi na nane?"

"Siwezi kumbeba kila mtu."

"Wao walikubeba kwa mawe yao ukasoma," alisema dada mtu. "Hukuwa mzito?"

Mama yao akagonga meza kwa kijiko, akasema siasa isiingie kwenye sahani zake, na mazungumzo yakaishia hapo.

Jioni hiyo akamsimulia Tindo, ambaye alikuwa amekaa kitandani na mito mitatu mgongoni. Alitegemea atakasirika. Tindo akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikachukua muda wake.

"Kumbe umenihamisha miaka yote hiyo bila kunipa nauli," akasema alipopata pumzi.

"Usinichekeshe. Nasikia aibu mpaka kwenye nyayo."

"Aibu ya nini? Mawe yalishuka, vumbi likabaki. Hilo hata bila kitabu linajulikana." Akapumzika kidogo. "Ila usigombane na mdogo wako kwa ajili ya pumzi zangu. Zenyewe ni chache."

Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sababu alijua ataugombea ugomvi huo, na kwa sababu alimpenda mdogo wake, na kwa sababu mume wake alikuwa anamwombea amani mtu ambaye chama chake kiliwaita watu wa juu kupe.

Tume ya kuchunguza suala la mfuko ikaja kusikiliza wananchi katika ukumbi wa mji wa mpakani. Watu wa juu walikaa kushoto, watu wa chini kulia, katikati pakabaki njia pana ambayo hakuna aliyetaka kuipita. Mama Mizani alisimama mlangoni nyuma kabisa, si kwa unyenyekevu, ila hakujua akae upande gani. Kwapani alikuwa na kitabu kimoja cha karatasi za waridi.

Kipaza alizungumza kabla yake, na alizungumza vizuri sana, lazima tuseme haki. Alitaja jasho la watu wa chini, akataja barabara zao zenye mashimo, na mashimo hayo yapo kweli. Ukumbi upande wa kulia ukatetemeka. Kisha likaitwa jina la nyumbani la Mama Mizani, na yeye mwenyewe karibu asilitambue.

"Mimi napima magari," alianza, akakitoa kitabu kwapani. "Napima magari mguuni pa mlima, mwaka wa ishirini na mbili huu. Sijawahi kuona lori la mawe likipanda limejaa. Hata moja. Yote hushuka yamejaa, hupanda matupu. Lakini kitabuni nimeandika mawe ni ya chini."

Mwenyekiti wa tume akainama mbele. "Unataka kusema takwimu ni za uongo?"

"Uzito ni wa kweli, mheshimiwa. Kilo sijaiba. Mahali ndipo pana makosa."

"Nani alikuagiza?"

"Mkubwa wangu. Lakini kalamu ilikuwa mkononi mwangu."

Upande wa kushoto ukalipuka kwa makofi na vigelegele. Akawageukia kwa hasira ambayo hata yeye hakujua ameibeba.

"Msinipigie makofi! Nyie mmechagua viongozi miaka yote hii, nani kati yao aliwahi kuja kibandani kuomba kitabu? Nani? Chai ningempa!"

Basi akazomewa na pande zote mbili kwa pamoja, na nadhani ndilo jambo pekee ambalo mikoa hiyo ilikubaliana mwaka ule. Tume ikaandika, ikafunga mafaili, ikasema uamuzi utabaki kwa kura ya baraza. Kazini akapewa barua ya onyo na kuamriwa aendelee kujaza kisanduku kama zamani, mkoa wa ofisi. Kipaza akaacha kupokea simu zake.

Wiki moja kabla ya kura, asubuhi, Tindo alizidiwa. Midomo ilibadilika rangi. Walikuwa wanaishi nyumba ya kazini, hatua hamsini kutoka kwenye mizani, na Mama Mizani alikimbia kati ya nyumba na simu mpaka kandambili ikakatika. Gari la hospitali lilikuwa gereji. Malori matupu yalikuwepo, lakini mgonjwa hakuweza kukaa wala kurushwarushwa, alihitaji kulala. Mwisho akampigia mama yake, si kwa kuomba gari, bali kwa kuomba dua.

Haikupita nusu saa ikafika pikapu ya kampeni, turubai limeandikwa Chetu Ni Chetu ubavu kwa ubavu. Ilisimama juu ya bamba la mizani, maana pembeni kote malori yalikuwa yamepanga foleni. Kipaza akashuka akaingia kibandani bila salamu.

"Mama amenipigia. Yuko wapi?"

"Ndani. Lakini atalala wapi? Nyuma umejaza spika."

Kipaza akatoa kichwa dirishani. "Zishusheni!"

Dereva wake na matingo wawili wakaruka chini, wakasimama pembeni ya bamba, wakashusha masanduku mawili ya spika na betri yake, wakayaweka ukutani pa kibanda. Mama Mizani, kwa mazoea tu, akatupa jicho kwenye mashine. Elfu mbili mia moja na arobaini ikawa elfu mbili na themanini. Kisha matingo wakaenda nyumbani, wakamleta Tindo juu ya godoro lake, wakamlaza chini ya turubai, wakarudi pembeni. Mashine ikafikiri kidogo. Elfu mbili mia moja na ishirini.

Kipaza alikuwa amesimama nyuma ya dada yake, naye alikuwa anatazama.

"Spika ni kilo ngapi?" akauliza.

"Sitini."

"Na shemeji?"

"Arobaini. Na godoro humo humo."

"Hiyo mizani yako ni mbovu."

"Nimeikagua leo asubuhi, mdogo wangu. Nimeipanda mwenyewe."

Mashine, ambayo haijui huzuni wala haraka, ikawa imeshatoa karatasi. Ilining'inia pale na kisanduku chake kitupu. Kipaza akaichukua. Macho yalishajaa machozi.

"Hapa kwenye mkoa unaandika nini?"

"Nimeamriwa niandike ilipo ofisi. Yeye hana ofisi."

Kipaza akachukua kalamu mezani, akaandika maneno mawili, akaikunja karatasi akaitia mfuko wa shati. Halafu akatoka, akapanda nyuma pamoja na mgonjwa, akakiweka kichwa cha shemeji yake mapajani, na pikapu ikaanza kupanda mlima.

Siku ya kura alisimama barazani bila spika, kwa sababu spika zilikuwa bado kibandani na hakumtuma mtu kuzifuata. Waliokuwepo wanasema alizungumza kwa sauti ya chini mpaka waliokaa nyuma walisogea mbele. Alisoma karatasi moja ya mizani, akakaa. Hoja ya kugawanya mfuko ikaanguka kwa kura tatu. Chama chake kikamwita msaliti, na uchaguzi uliofuata kikamnyima tiketi. Ukimuuliza leo atakwambia alichoka siasa. Mwache aseme hivyo. Kwenye mizani ikaja amri mpya, imepigwa mihuri miwili: kisanduku cha mkoa kijazwe mahali mzigo ulipotoka.

Wodi ya kifua ipo mpaka sasa. Kitanda cha nne karibu na dirisha kina mgonjwa mwingine. Tindo alikitumia miezi saba zaidi, na katika miezi hiyo shemeji yake alikuwa anampandisha kila Jumanne na Ijumaa, wakibishana mpira njia nzima, mmoja kwa sauti na mwingine kwa vidole.

Siku ya nne baada ya maziko Mama Mizani alirudi kazini. Alifungua kibanda, akawasha mashine, akapanda juu ya bamba na kutembea kutoka mwisho huu hadi mwisho ule. Alipogeuka kutazama ukutani, taa zilikuwa zimeandika sitini. Akashuka. Akapanda tena, akasimama katikati wima, mikono pembeni, kama mtu anayepigwa picha. Sitini. Lori la kwanza lilikuwa limeshafika na dereva hakupiga honi. Akaingia ndani, akafuta miwani kwa upindo wa kanga, akafungua kitabu kipya, na kwenye kisanduku cha mkoa akaandika: *wa juu*.